Utata wa Kileksika katika Jina la Faili: Mfano wa "paa.zip"

Faili iliyobanwa haisomeki mpaka ifunguliwe. Kabla ya hapo, jina lake ndilo dalili kuu ya yaliyomo. Tuchukue mfano wa "paa.zip". Sehemu ya "zip", umbo lililoasisiwa na Phil Katz mwaka wa 1989, hutueleza tu namna data zilivyofungashwa. Mzigo wote wa maana umebebwa na "paa".

Neno hili ni homonimu. Kama nomino, ni sehemu ya juu ya nyumba au mnyama wa jamii ya swala. Kama kitenzi, ni kwenda juu angani au kuondoa magamba ya samaki.

Katika sentensi, upatanisho wa kisarufi huondoa utata huu: "paa limevuja" haliwezi kuchanganywa na "paa amekimbia". Jina la faili hukosa msaada huo. Isitoshe, mfumo wa MS-DOS uliruhusu herufi 8 pekee kabla ya nukta. Kikwazo hicho kimeondoka, lakini mazoea ya kufupisha yangalipo.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, suala hili si dogo. Fanani akishafariki, usimulizi wake hauwezi kurekodiwa upya. Nayo faili isiyotambulika ni rahisi kufutwa. Ni bora basi kuandika "hadithi-ya-paa-na-sungura-Lamu-2009.zip". Muktadha ambao sentensi hutupa bila kuombwa, katika jina la faili hatuna budi kuutia wenyewe.