Injini ya Gari Angani

Katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota, Marekani, aliishi fundi aitwaye Bernard Pietenpol, ambaye uhandisi hakuusomea chuoni bali aliupata kwa mikono yake mwenyewe, na ambaye mwaka 1929 alitwaa injini ya gari la Ford Model A, ile ile iliyokuwa ikiwapeleka wakulima sokoni, akaifunga katika ndege ya mbao na kitambaa aliyoiunda mwenyewe, ikaruka. Mhariri mmoja wa jarida la ufundi alikuwa ameshikilia kwamba injini ya gari haifai kurushia ndege. Pietenpol alimjibu kwa kumwendea kwa ndege. Ramani zake zilichapishwa mwaka 1932, na hata leo wako watu wanaozitandaza mezani katika mabanda yao, wakaanza kukata mbao.

Msomaji ana haki ya kustaajabu: ya nini mtu kujisumbua na ramani iliyokaribia umri wa karne? Jawabu ni kwamba hewa haikubadili tabia tangu hapo, na bawa pana lililonyooka, linaloiteremsha ndege kwa mwendo wa taratibu, humfaa rubani wa Jumapili leo kama lilivyomfaa babu yake.

Mashaka yako kwenye injini. Ile ya Ford hutoa nguvu za farasi 40 hivi, nayo ina uzito upatao kilo 110, kwani ni chuma cha kusubu, na hupozwa kwa maji, hata ikabidi rejeta isimamishwe juu ya pua, imkinge abiria asione mbele. Hata hivyo ina fadhila moja adhimu: huzunguka polepole, yapata mara 2,000 kwa dakika, kwa hiyo rafadha kubwa hufungwa kwake moja kwa moja, ilhali injini nyingi za magari ya siku hizi hazitoi nguvu zake kamili mpaka zifike mizunguko 5,000, ambapo ncha za rafadha kama hiyo zingeshindana na kasi ya sauti na nguvu zikaishia katika kelele, ndipo ikalazimu kutia gia za kupunguza mwendo, na gia nazo zina uzito wake na maradhi yake.

Wajenzi wengi walihamia Continental A-65, yenye nguvu za farasi 65, nyepesi kwa kilo 30 hivi, na kila silinda ina plagi mbili zitiwazo moto na magineto mbili, moja ikifa ya pili huendelea. Lakini wepesi huo una deni lake: pua ikipungua uzito mkia huelemea, na ndege iliyoelemea mkia ni ya hatari mno, kwa hiyo bawa zima husogezwa nyuma inchi kadhaa, au pua hurefushwa, hadi mizani irejee. Pietenpol mwenyewe, alipoichukua injini ya Chevrolet Corvair miaka ya 1960, silinda sita zipozwazo kwa upepo, aliuchora upya mwili wa ndege, akaurefusha.

Kwa rai yangu, mwenye kuanza ujenzi asione haya kuchagua ramani kongwe, ila injini na achukue mojawapo ya zile alizoziridhia mchora ramani. Na kabla ya kuruka mara ya kwanza, aipime ndege kwenye mizani, gurudumu kwa gurudumu, naye mwenyewe akiwa kitini.