Kwa Nini Madhara ya Dawa Yatolewe Taarifa Zahanati

Dawa mpya hufika kwenye dirisha la dawa ikiwa imekwisha kujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Idadi hiyo yatosha kuonyesha kama inatibu. Haitoshi kufichua dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000. Ili dhara la namna hiyo lisikose kuonekana walau mara moja, hupaswa kufuatiliwa watumiaji wapatao 30,000. Tena wajawazito kwa kawaida hawahusishwi katika majaribio, ingawa baadaye nao huandikiwa dawa hiyo hiyo.

Mfano ulio karibu ni dolutegravir, iliyomo katika kidonge cha TLD wanachotumia wengi wanaohudhuria kliniki za CTC. Nchini Botswana, tangu mwaka 2014, wakunga wa hospitali za serikali walikuwa wakimkagua kila mtoto anayezaliwa, nao watafiti wakinakili dawa alizotumia mama. Mei 2018 ilitolewa tahadhari: kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanatumia dolutegravir, 4 walikuwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kama vile mgongo wazi. Nchi kadhaa ziliwazuia wanawake wa umri wa kuzaa kuitumia, wakabaki na dawa zenye maudhi zaidi.

Hesabu haikukoma. Kufikia mwaka 2022 watoto walikuwa wamezidi 9,000, na kiwango kimeshuka hadi takriban 1 kati ya 1,000, sawa na kwa mama waliotumia dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuipendekeza kwa wote tangu Julai 2019. Tahadhari ya kwanza haikuwa kosa. Kosa lingekuwa kuishia hapo.

Hapa Tanzania, taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia fomu ya njano. Anayepata vipele, macho ya manjano, kizunguzungu au hali nyingine asiyoizoea baada ya kutumia dawa, hata iliyonunuliwa duka la dawa muhimu, anaombwa amweleze mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu. Ushahidi hauhitajiki; shaka yatosha. Aende na pakiti yenye namba ya toleo, aitaje na mitishamba aliyochanganya (wengi huificha), wala asiache dawa kabla ya kushauriwa.