Ghala la Wakati wa Baridi

Nchi ya Norwe iko mbali sana upande wa kaskazini. Ni nchi ya milima na misitu, na ghuba nyembamba za bahari huingia ndani sana katikati ya majabali yake. Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea kuona mchana na usiku vikilingana, au karibu kulingana, mwaka mzima. Huko sivyo. Dunia imeinama kidogo katika safari yake ya kulizunguka jua, na mwezi wa Desemba upande wake wa kaskazini huelekea mbali na jua. Siku hizo katika mji wa Oslo mwanga wa jua hudumu muda wa saa sita tu, na katika mji wa Tromsø, ulio kaskazini zaidi, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Theluji hufunika nchi, maziwa huganda yakawa barafu, wala hakuna jani liotalo.

Leo Wanorwe hununua chakula dukani, na nyumba nyingi hupata joto kwa nguvu za umeme. Lakini zamani, hata katika miaka ya 1800, mkulima wa huko alijua kwamba asichoweka ghalani kabla ya theluji hatakipata mpaka majira ya joto yarudi.

Ili wasikosee siku, watu walikuwa na kalenda ya mti. Ilikuwa ubao mrefu mwembamba, wenye alama zilizochongwa pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa majira ya joto, nao ulianza tarehe 14 Aprili; juu yake ulichongwa mti. Upande wa pili ulianza tarehe 14 Oktoba, na alama yake mara nyingi ilikuwa mfuko wa kuvika mkono usiumwe na baridi. Asubuhi ile ubao uligeuzwa ukutani, na kila mtu nyumbani akajua maana yake.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza mapema. Kuni zilikatwa wakati theluji ingaliko, kwa sababu magogo huburutwa kwa urahisi juu yake. Kisha zilipasuliwa na kupangwa zikauke kwa jua la miezi ya joto. Ng'ombe walipelekwa milimani kula majani mabichi, na huko wanawake walitengeneza siagi na jibini. Nyuma yao, bondeni, majani yalifyekwa na kuanikwa juu ya vichanja virefu. Hata matawi ya miti yalikatwa na majani yake, yakafungwa matita na kukaushwa kwa ajili ya mbuzi na kondoo.

Majani hayo makavu ndiyo yaliyokuwa hesabu kubwa ya mwaka. Mwenye shamba alitazama banda lake, akapima kwa macho, akaamua ni ng'ombe wangapi watakaoishi. Waliozidi walichinjwa wakati huo huo, wangali wanono. Uamuzi huo ulikuwa mgumu, na wengi walishindwa na tamaa. Walibakiza ng'ombe wengi kuliko majani. Mwisho wa baridi wanyama hao walikuwa mifupa na ngozi tu, na wengine walidhoofika hata ikawapasa watu kuwabeba kuwatoa zizini.

Chakula cha watu kiliwekwa katika ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo fupi, ili panya wasipande. Tena jambo hilo wakulima wengi wa Afrika walilijua vile vile. Ndani mlikuwa na nyama iliyotiwa chumvi na kuning'inizwa, mapipa ya samaki, na mikate myembamba kama karatasi. Mikate hiyo ya shayiri ilikuwa mikavu kabisa, nayo ilikaa miezi mingi bila kuharibika.

Sasa katikati ya majira hayo huja Krismasi, na ndugu wote walitazamiwa kukutana. Mama wa nyumba ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Alihesabu wageni, na siku watakazokaa, na ng'ambo ya hesabu hiyo akaona miezi ya Februari, Machi na Aprili inamngoja. Kuwanyima ndugu ilikuwa aibu; kuwalisha bila kupima ilikuwa njaa. Kwa hiyo alitenga mapema vitu vya sikukuu. Mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi ziliroweshwa majini, kisha zikapikwa kwa mvuke juu ya vijiti vya mti. Samaki wakavu waliroweshwa katika maji ya majivu mpaka wakawa laini, kisha katika maji safi siku kadhaa. Mishumaa ilitengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Tarehe 21 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, ilitakiwa kuni ziwe zimepasuliwa na pombe ya shayiri iwe tayari.

Ndugu walikuja kwa magari yasiyo na magurudumu, yaliyoteleza juu ya theluji yakivutwa na farasi. Katika nyumba nyingi majani makavu ya nafaka yalitandazwa sakafuni, na usiku ule bwana, watoto na watumishi walilala pamoja juu yake. Ng'ombe nao walipewa chakula zaidi ya kipimo cha kila siku, na mganda wa nafaka ulifungwa juu ya mti kwa ajili ya ndege. Desturi hii ya mganda ingaliko hata leo.

Wageni wakiisha kwenda, kalenda ya mti ilikuwa na siku nyingine ya kuangaliwa, yaani tarehe 2 Februari. Siku hiyo baba alikwenda bandani na mama akaenda ghalani. Ikiwa nusu ya majani ilikuwa bado imesimama, walirudi ndani kimya, wakaendelea na kazi zao.