Nzi wa Nyama na Hesabu Yake ya Wakati

Miongoni mwa nzi wanaofuata mizoga na mabucha, yuko mmoja ambaye watu wengi humwona kila siku wasimtofautishe na wenziwe: aghalabu ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi yake kijivu, mistari mitatu myeusi mgongoni, na tumbo lenye miraba mieusi na myeupe mfano wa ubao wa sataranji. Wataalamu humweka katika ukoo wa Sarcophagidae, ambao aina zake zapita elfu mbili duniani. Sisi na tumwite nzi wa nyama.

Linalomtenga na wengine ni uzazi wake. Nzi wa nyumbani na yule wa kijani hutaga mayai, na mayai hayo hayana budi kungoja saa nyingi, pengine siku nzima, ndipo yaanguliwe. Amma nzi wa nyama huyahifadhi tumboni hata yakaanguliwa humo humo, na afikapo penye mzoga, au penye kidonda kilichoachwa wazi, huangusha funza walio hai, ambao huanza kula papo hapo. Mzoga ni riziki isiyo na mwenyewe, inayogombewa na fisi, tai, siafu na nzi wa kila namna, kwa hiyo saa alizowatangulia wenziwe ndizo rasilimali yake. Mbung'o naye huzaa funza, illa yeye humlea mmoja tu hata akapevuka, ilhali huyu huwatoa wengi wangali wachanga.

Funza huyo hana miguu. Kinywani ana kulabu mbili nyeusi, ambazo kwazo hujivuta na kuichana nyama, huku akiimwagia mate yenye nguvu ya kuiyeyusha, kisha akafyonza uji wake. Na kwa kuwa kichwa chake kimezama katika chakula mchana na usiku, hupumulia nyuma, kwa matundu yaliyofichwa ndani ya kishimo ambacho kingo zake hujifumba, maji ya uozo yasipate kuingia. Hujivua ngozi mara mbili, na siku chache zikipita, akisha kushiba, huiacha nyama akajifukia udongoni, na ngozi yake ya mwisho ikakauka kuwa ganda gumu la hudhurungi, ambamo maumbile yake yote hufumuliwa na kuundwa upya. Siku ya kutoka, nzi hutunisha kifuko kilichoko usoni pake, akasukuma kwacho kifuniko cha ganda na kujipasulia njia katika udongo; baadaye kifuko hunywea kisionekane tena.

Walakini kiumbe huyu mwenye haraka ajua pia kungoja. Katika nchi za baridi za kaskazini, mtoto huanza kuupima urefu wa mchana angali tumboni mwa mamaye: akihisi kwamba siku zinafupika, basi afikapo katika ganda husimamisha makuzi yake, akalala miezi kwa akiba ya mafuta mpaka baridi ipite. Karibu na ikweta mchana hauzidi wala haupungui ila kwa dakika chache, hivyo yamkini mtu kudhani kwamba usingizi huo haupo huku. Lakini mwaka 1974 mtaalamu wa Kimarekani, David Denlinger, aliyefanya utafiti wake Nairobi, alionyesha kwamba nzi wa nyama wa huko nao hulala katika Julai na Agosti, na kwamba kinachowaamrisha si urefu wa mchana, bali baridi yenyewe.

Mambo haya yana manufaa kwetu. Mchunguzi wa mauti, anayekadiria siku za maiti kwa umri wa funza, hukosea hesabu akiweka muda wa yai kwa nzi asiyetaga. Mwenye mgonjwa wa kidonda kibichi ajue kwamba kutua mara moja kwatosha, na bendeji safi ni kinga isiyokawizwa. Na mpishi afunikaye kitoweo kwa wavu akaulaza juu ya nyama asijione salama, kwa kuwa nzi huyu aweza kusimama juu ya wavu na kuangusha wanawe kupitia matundu yake. Afadhali kawa iliyosukwa kwa kushikana, nayo ifunikwe mapema, kabla nyama haijapoa.