Namna ya Kuchagua Magurudumu ya Gari la Zamani

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari mjini Arusha. Siku moja mzee mmoja alimletea Datsun 240Z. Hili ni gari la mbio la viti viwili, lililotengenezwa Japani. Wazee wetu walikumbuka sana, maana lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na mara nyingine 1973.

Rimu zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na matairi yamepasukapasuka ubavuni. Mzee alitaka rimu za aluminiamu zing'arazo, tena upesi, kwani alikusudia kumpeleka bintiye harusini kwa gari hilo. Mjomba akaniambia, "Wewe ndiwe msomi wa hesabu. Tafuta zitakazofaa."

Nikaanza na maandishi ya ubavuni mwa tairi, ambayo wengi wetu huyapita tu. Nilipendezwa na tairi lililoandikwa 195/65 R 15 91H. Maana yake ni kwamba upana ni milimita 195, na kimo cha ubavu ni sehemu 65 katika mia ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 yaonyesha kuwa tairi moja laweza kubeba kilo 615, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa.

Matairi ya asili ya gari hili yalikuwa 175 HR 14, yenye kipenyo cha karibu milimita 635. Kipenyo hakifai kubadilika sana. Kikipungua, saa ya mwendo husema uongo. Kikizidi, tairi hugusa bodi. Basi nikapiga hesabu: 65 katika mia ya 195 ni 126.75; mara mbili ni 253.5, inchi 15 ni milimita 381, jumla 634.5. Nilijiona mhandisi kamili! Matundu ya nati nayo yalikubali, manne katika duara la milimita 114.3. Mjomba akanunua rimu nne kwa fedha yake, akitumaini kulipwa kazi ikiisha.

Tulipofunga gurudumu la kwanza na kulizungusha kwa mkono, tairi likasugua kibakuli cha springi. Mjomba akachungulia, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, umepima urefu wa mtu ukasahau amesimama wapi."

Nilisahau ofseti. Fikiri mstari unaogawa upana wa rimu sawasawa katikati. Uso wa rimu unaokaa kwenye habu waweza kuwa juu ya mstari huo, au mbali nao. Rimu zangu ziliandikwa ET 40, yaani uso huo umesogea milimita 40 upande wa nje, na kwa hiyo gurudumu zima huingia ndani. Magari mengi ya siku hizi hutaka hivyo. Datsun ile, ikiwekewa rimu pana inchi 6, hutaka karibu na sifuri. Wako watu wanaotia vipande vya chuma kati ya rimu na habu ili kulisogeza gurudumu nje, lakini mjomba hakukubali. Milimita 40 ni nyingi mno, na abiria alikuwa bibi arusi.

Muuzaji alikataa kuzipokea, kwa kuwa zilikwisha kuvalishwa matairi. Fedha iliyopotea ndiyo iliyokuwa ya viatu vyangu vya muhula huu.

Mara ya pili tulichukua rimu za inchi 14, pana inchi 6, zenye ofseti sifuri, na matairi 195/70 R 14 91H. Kipenyo ni milimita 629, tofauti ndogo sana. Kabla ya kulipa, mjomba aliniamuru nichuchumae nisome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, maana hizo ndizo juma na mwaka wa kutengenezwa. Moja lilisomeka 2214: juma la 22, mwaka 2014. Kashata zake zilikuwa nzima kabisa, hata vinyweleo vya mpira havijakatika, lakini mpira hukauka na kuzeeka hata ukilala dukani. Tukalikataa, tukapewa jingine.

Jioni ile mjomba alikata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, nami nimelala chini natega sikio. Sikusikia kitu. Harusi ilikuwa Jumamosi.