Marfaa ya Ubao Mmoja

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kupanga na mikono ya kutenda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi, wazee na vijana, juu ya useremala wa vyombo vya mkono, ule ufanywao barazani pa nyumba bila ya umeme wala karakana. Huenda mmoja wenu akasema, “Mwalimu wa chuo ana nini na misumeno?” Neno hilo ni la haki. Nasi tutalijibu kwa kusimulia jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Kiegeani, katika kisiwa cha Mafia. Jambo lililotufundisha kwa aibu kwanza, kisha likatufundisha kwa faida.

Chuoni petu palikuwa na watoto 26 na marfaa 4. Marfaa, kama mjuavyo, ni kile chombo cha mbao kikunjwacho, ambacho juu yake huwekwa Msahafu wakati wa kusoma. Watoto waliokosa waliweka Misahafu mapajani, au juu ya kanga iliyokunjwa. Wazazi wakachanga, tukanunua marfaa za plastiki, hazikumaliza mwaka. Kisha upepo ukaangusha mfenesi nyuma ya chuo. Tukapasua mbao, na kwa kuwa Maulidi yalikuwa karibu, tukaunda marfaa sisi wenyewe kwa nyundo na misumari, mti ungali mbichi.

Usiku wa Maulidi, mbele ya wageni, mtoto mmoja akiwa katikati ya kusoma, mguu wa marfaa ile ulipasuka pale penye msumari, na Msahafu ukaanguka mkekani. Mtoto akauokota, akaubusu, akaendelea na aya yake bila ya kutetemeka. Lakini sisi tuliomfundisha hatukuweza kuinua macho.

Asubuhi yake akaja mzee mmoja, fundi wa majahazi aliyekwisha acha kazi kwa ajili ya umri. Tukamwamkia, akaitikia, akataka aonyeshwe mguu uliopasuka. Akaunusa. Akasema, “Mwalimu, mti huu ulikuwa bado una maji yake, nawe umeupiga msumari. Niletee vijana wawili, nami nitawaonyesha marfaa isiyojua msumari.”

KAZI YA MKONO SI UNYONGE

Kabla hatujaendelea, yafaa tuondoe dhana moja. Wako watu wanaodhani kwamba aliyesoma elimu ya dini hapaswi kushika randa, na kwamba kazi ya mkono ni ya aliyeshindwa kusoma. Dhana hii haina msingi. Nabii Nuhu (A.S.) aliunda jahazi kwa mbao na misumari kwa amri ya Mola wake. Nabii Zakaria (A.S.), kama ilivyo katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, alikuwa seremala. Na katika Sahihi ya Bukhari twafundishwa kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi (A.S.), juu ya ufalme wake, alikula kwa jasho lake.

Hata mimbari ya Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa kazi ya seremala, mtumishi wa bibi mmoja wa Kiansari, aliyeiunda yenye daraja tatu kwa mti wa Ghaba ulio karibu na Madina. Jina la fundi yule wanavyuoni wamehitalifiana, lakini kazi yake haikusahauliwa. Basi anayeunda chombo cha kusomea maneno ya Mwenyezi Mungu na asijione mnyonge.

VYOMBO NA NAFASI

Vijana wawili wakaitwa. Mmoja wao alikuwa amekwisha khitimu Kurani na kumaliza darasa la saba, na tangu hapo alikuwa akikaa njia panda akingoja. Mamaye alipotuuliza zamani afanye nini, tulimjibu kwamba asubiri, riziki ina Mwenyewe. Tulisema kweli, lakini tuliisema nusu; maana hata ndege hutoka kiotani asubuhi.

Kijana yule akamwambia mzee kwamba useremala wa sasa wataka mashine za umeme na chumba kikubwa, naye hana hiki wala kile. Mzee akamjibu, “Mchagua jembe si mkulima, mwanangu.” Akamkumbusha majahazi na mashua za Chole na Jibondo, visiwa vyetu vya jirani, ambavyo kwa vizazi vingi vyombo vimeundwa ufukoni kwa tezo, msumeno na keekee, bila ya ramani ya karatasi, kipimo kikiwa katika jicho la fundi. Na milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, ambayo wageni huijia kutoka mbali kuitazama, ilichongwa na mafundi waliokuwa na patasi na nyundo tu.

Vyombo alivyovitaka vilikuwa hivi: msumeno mmoja wenye meno madogo, tezo, randa, patasi mbili, moja ya inchi 1 na moja ya robo inchi, nyundo ya mti, keekee ya kutobolea, ile izungushwayo kwa uta, kinoo, kipimo, na kalamu ya risasi. Vyote viliingia katika kasha moja linalowekwa chini ya kitanda. Vingi vilikuwa vya zamani na vimeshika kutu, na siku tatu za kwanza vijana hawakukata hata kijiti: walinoa. Chombo butu ndicho kimkatacho fundi, kwa maana hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza haijui inakokwenda.

Ama nafasi, baraza ya futi 6 kwa futi 4 ilitosha. Mahali pa meza walitia gogo la mnazi lililokatwa pengo, ubao ukaingizwa penye pengo na kukazwa kwa kabari. Kazi nyingine walifanya wameketi, ubao umeshikwa kwa nyayo. Wala si sisi peke yetu tufanyao hivi: huko Marrakesh, katika nchi ya Moroko, wako mafundi waketio chini katika vijiduka vyembamba, wakizungusha mti kwa uta kwa mkono mmoja, na patasi wakiiongoza kwa mkono wa pili na mguu. Ikiadhiniwa, kazi husimama. Taka za randa hufagiwa na kupelekwa jikoni kuwashia moto, na baraza hurudi kuwa baraza.

SUBIRA YA MTI

Mti uliokatwa karibuni una maji mengi ndani yake. Maji yakitoka, ubao hunywea, hupinda na kupasuka. Ukiwa umefungwa kwa msumari, hupasuka penye msumari kwanza, kama tulivyoona. Kwa hiyo mbao zilizobaki za mfenesi tulizipanga kivulini, penye upepo, na kati ya ubao na ubao tukaweka vijiti ili hewa ipite. Ncha zake tukazipaka rangi, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi penye ncha, na ufa huanzia hapo. Desturi ya maseremala ni kuhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wa ubao. Asiyetaka kukisia aupime ubao wake kwa mizani kila mwezi: uzito ukiacha kupungua, ubao umekuwa tayari.

DARAJA ZA KUJIFUNZA

Katika muda huo wa kungoja vijana hawakukaa bure. Mzee aliwapandisha daraja baada ya daraja, kama tuwapandishavyo wanachuo kutoka alifu hadi juzuu.

Daraja ya kwanza ilikuwa mwiko. Kwa mwiko kijana hujua nyuzi za mti zinaelekea wapi; akizifuata, mti humtii, na akizipinga, huchanika. Daraja ya pili ilikuwa kibao cha kuandikia, maana kukifanya kibao kiwe bapa pande zote kwa randa ya mkono ni mtihani wa subira. Daraja ya tatu ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, yenye mbao mbili zipitanazo na kukunjika. Hapo ndipo tulipotambua kwamba mbuzi na marfaa ni ndugu: mmoja yuko jikoni, mwingine chuoni.

Daraja ya nne ndiyo marfaa. Aliyeizoea huiona kama mbao mbili zilizounganishwa, kumbe ni ubao mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Walichukua ubao wa urefu wa inchi 18, upana wa inchi 7 na nusu, na unene wa inchi 1 na robo, usio na kifundo. Kwa inchi 11 kutoka juu wakapiga mstari wa bawaba, na upana wakaugawa vidole vitano vya inchi 1 na nusu kila kimoja. Kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano huachwa kishikane na bawa la mbele juu na mguu wa nyuma chini. Cha pili na cha nne ni kinyume chake. Fungamanisha vidole vya mikono yako miwili, ndugu msomaji, nawe utauona mfano wake.

Kati ya kidole na kidole hutobolewa kwa keekee na kukatwa kwa patasi nyembamba hadi upande wa pili, na mabega ya vidole huviringwa ili yapate kuzunguka. Kisha ubao husimamishwa kwenye gogo na kupasuliwa katikati ya unene wake kwa msumeno, kutoka ncha ya juu hadi penye vidole, na kutoka ncha ya chini vivyo hivyo. Mistari hupigwa pande zote mbili, na ubao hugeuzwa mara kwa mara ili msumeno usipotoke. Mwisho wake fundi huvuta taratibu, na ubao mmoja hufunguka ukawa miguu miwili na mabawa mawili, bila ya msumari wala gundi.

Haikuwa rahisi. Ya kwanza ilivunjika vidole, na ya pili msumeno ulitoka nje ya mstari. Ya tatu ilifunguka siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Kijana yule wa njia panda akaikunja na kuikunjua mara kadhaa bila ya kusema neno, kisha akaenda kuiweka mbele ya mtoto yule aliyeangukiwa na Msahafu usiku wa Maulidi.

NASAHA YETU

Leo chuo chetu kina marfaa 15, na akina mama wa Kiegeani humjia kijana yule kutaka mbuzi, vigoda na miiko. Hatusemi kwamba amekuwa tajiri. Twasema kwamba ana kazi, na mamaye hatuulizi tena lile swali tulilolijibu nusu.

Enyi wazazi, msingoje fedha ya mashine ndipo mwafundishe watoto wenu. Katika kila mtaa yuko mzee aliye na tezo iliyoshika kutu uvunguni; mpelekeeni vijana angali hai, maana akizikwa, elimu ya mikono yake huzikwa naye. Enyi vijana, msione haya kuanza kwa mwiko. Nasi walimu wenzangu, tusitosheke kumkhitimisha mtoto Kurani kisha tukamwacha njia panda. Haraka yetu ilimwangusha Msahafu mkekani. Subira ya mzee mmoja ikauinua.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutengeneza vizuri kila tunachokishika, na aibariki mikono ya watoto wetu kwa riziki ya halali. Amin.