Je, Wajua? Kikombe, Kadi na Slaidi Milioni Moja

Je, wajua kwamba kamera ilizoea vitu kabla ya kuzoea watu? Mwaka 1837, Louis Daguerre wa Paris alipiga picha ya kona ya chumba chake cha kazi: sanamu za plasta, na chupa ya mvinyo iliyofunikwa kwa ususi. Hakuwa na falsafa yoyote kubwa. Picha ya siku zile ilitaka dakika nyingi za mwanga, na plasta haikohoi wala haijikuni. Miaka michache baadaye, mwaka 1844, Mwingereza William Henry Fox Talbot alichapisha picha ya rafu za vyombo vyake vya kaure, akaongeza wazo la kichekesho chenye meno: mwizi akiviiba, picha hii itatoa ushahidi mahakamani. Tangu hapo kikombe kwenye picha kimekuwa shahidi.

Je, wajua kwamba mojawapo ya miradi ya picha inayojulikana zaidi nchini Rwanda ilianzia Gisenyi, mikononi mwa watoto? Rosamond Halsey Carr, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1949 na baadaye kuishi kwa kilimo cha pareto na maua huko Mugongo, milimani Rwanda, aligeuza jengo la kukaushia pareto kuwa makao ya yatima mwezi Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Aliyaita Imbabazi. Usalama ulipoharibika kule mlimani, watoto walihamishiwa mjini Gisenyi. Huko ndiko mpiga picha David Jiranek alikowapa kamera mwaka 2000, watoto 19 kwa jumla. Picha zilisafishwa hukohuko Rwanda, zikabandikwa ukutani, na nyingine watoto wakazipanga wenyewe kwenye albamu. Mwaka 2001 zilionyeshwa Kigali kwa mwaliko wa ubalozi wa Marekani, mapato yakaenda kwenye masomo yao. Mwaka huohuo mmoja wa wasichana alishinda nafasi ya kwanza, kwa picha ya sura ya mtu, katika shindano la jarida la Camera Arts la Marekani.

Kamera zenyewe zilikuwa zile za kutupa: boksi la plastiki lenye filamu ndani, ambalo kampuni ya Fuji ya Japani ililiingiza sokoni mwaka 1986. Kwa kawaida huwa na picha 27, ukizimaliza unapeleka boksi zima studio. Lenzi haisogei. Ukikaribia kitu chini ya mita moja hivi, kinatoka na ukungu.

Hapo pana jambo ambalo wasifiaji wa mradi ule hulipita haraka. Mtu mwenye kamera ya bei kubwa hukiinamia kikombe mpaka kikajaza picha nzima, kikawa kikombe tu, hakina mwenyewe. Mwenye kamera ya kutupa hana njia ila kurudi nyuma. Akirudi nyuma, kikombe kinaingia pamoja na meza, sakafu, mlango, na mguu wa aliyepita. Kwangu mimi hicho ndicho kikombe kinachosema kitu, kwa sababu unaona kinatumiwa na nani na kimewekwa wapi. Ningekuwa na mwanafunzi wa picha leo, ningemnyima ile lenzi ya kukuza vitu kwa mwezi mzima.

 

Je, wajua kwamba ng'ambo tu ya mpaka kutoka Gisenyi, mjini Goma, Kongo, chukudu imepanda cheo? Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali, inayobeba mkaa, viazi na makabichi, ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Wageni huipiga picha sanamu, huku chukudu zenyewe zikipita chini yake na mizigo.

Huko Nairobi, msanii Cyrus Kabiru alifuata njia nyingine. Utotoni alitamani miwani. Baba yake akakataa, akamwambia ajitengenezee. Akajitengenezea, kwa vyuma na nyaya za jalalani, akaendelea hivyo hadi utu uzima. Huivaa mwenyewe na kupigwa picha, na ni picha hizo zilizoifikisha kazi yake mbali.

Sasa turudi Rwanda, Rubavu, wilaya uliko mji wa Gisenyi. Mwaka 1994, msanii wa Chile Alfredo Jaar alikutana katika kambi ya wakimbizi ya Rubavu na mtoto wa miaka mitano aliyewaona wazazi wake wakiuawa. Mtoto yule alikaa takriban wiki nne bila kusema neno. Mwaka 1997 Jaar aliyachukua macho yake tu, akayatoa kwenye slaidi, zile filamu ndogo zenye fremu, akazirundika juu ya meza yenye taa chini yake. Slaidi 1,000,000, zote picha ileile. Mtazamaji hupita kwanza penye mstari wa maandishi unaomweleza habari ya mtoto, kisha huifikia meza, akaokota slaidi moja na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa mbali unaona kichuguu cha plastiki. Macho utayaona ukiinama.

Kabla ya hapo, mwaka 1995, alikuwa amefanya kinyume chake: picha zake za Rwanda alizifungia ndani ya masanduku meusi, na juu ya kila sanduku akaandika kilichomo. Watazamaji hawakuziona. Wapo wanaosema huko ni kukwepa. Mimi naona alichoka na dunia iliyokwisha kuona picha za kutosha na bado haikunyanyuka.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, inaingia mfukoni. Akiwa Rwanda mwaka 1994 alipata kadi za posta za watalii, zile zenye wanyama na mandhari nzuri za nchi ya vilima elfu. Aliwaandikia rafiki zake ughaibuni. Mbele, picha ya kumvutia mgeni. Nyuma, jina la mtu mmoja aliyekutana naye, na habari moja tu: bado yu hai.